Mshika Simu

Siku Nakunda alipoolewa, Dundee,
mimi sikula, sikucheza, sikupigwa picha.
Nilikabidhiwa simu, nikaambiwa:
leo wewe ndiwe macho ya Usangi,
usitikisike.

Mama yake alinyimwa viza mara mbili.
Barua ya pili ilisema hawakuridhika
kwamba angerudi kwao.
Alicheka mpaka akakohoa:
"Nisirudi? Na ng'ombe wangu watakamuliwa na nani, na balozi?"
Kisha akanyamaza siku tatu.

Basi kiti cha mbele tulikiacha wazi, kimefungwa utepe,
nami nikaketi ubavuni pake,
mkono umenyooka kama wa mtu anayeomba lifti barabarani.
Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku,
kuwageuza wazee wa watu vitandani;
mkono huo ulishachoka tangu alfajiri.

Sebule nzima ya Usangi, upana wa kiganja changu!
Watoto wameketi sakafuni, wajomba wamesimama nyuma,
mtu ambaye sikumjua anatafuna kitu.
Katikati Mama Nakunda, kitenge cha sare.
Gora lilikuwa moja, lilinunuliwa Moshi, likakatwa vipande viwili,
na kipande kimoja kiliingia Uskoti
bila kuulizwa kama kitarudi.

Fergus, mtoto wa fundi bomba wa Lochee,
alikuwa amejifunza neno moja wiki nzima.
Akainamia simu, masikio yamemwiva:
"Shikamoo, mama."
Kimya.
Akangoja, akaona haya, akaenda zake mbele.
Marahaba ilipofika
ilimkuta mpiga picha, mzee wa miaka sabini,
naye akaipokea kwa kichwa, kwa adabu zote.

Ndivyo ilivyokuwa mchana kutwa.
Pete ikavishwa, tukapiga makofi, tukaketi,
mchungaji akafungua kitabu,
ndipo vigelegele vya Usangi vikawasili
vimechakaa kwa safari, lakini vyote.
Mchungaji akafunga kitabu kwa kidole,
akasubiri kama mtu anayepisha treni.

Halafu umeme ukakatika kule.
Kioo kikawa cheusi, nikajiona mimi:
macho mekundu, tai imepinda,
mgeni ambaye hakuna aliyemwalika.
Sauti zilibaki. "Mnatuona?" "Hatuwaoni." "Sisi tunawaona!"
Mara pikipiki ya Mbazi ikaingizwa hadi kizingitini,
taa kali ikawapiga usoni,
na mama akaonekana anajifuta shavu upesi,
kama mtu aliyefumaniwa.

Alitaka kuona keki. Nikamwonyesha keki.
Alitaka kuona mama wa Fergus analia kweli au anajikaza.
Nikapita meza kwa meza, watu wakampungia mkono,
wengine wakimwita kwa sauti kubwa, polepole,
kana kwamba Usangi ni ng'ambo ya Mto Tay.

Saa tatu usiku ukumbi ukabaki na mimi,
mifagio miwili na Elinipa anayepanga viti.
Kule ni saa sita, watoto wamelala walipoangukia.
Chaji ilibaki asilimia nne.
"Mama," nikasema, "tumemaliza. Nikuzime?"

"Usinizime. Mama wa bibi harusi
haondoki masufuria hayajahesabiwa.
Niweke mahali, ufagie."

Nikamweka kwenye kiti chake, nikamwegemeza kwenye utepe.
Nikafagia. Akaniambia pale umeacha.
Nikarudia pale.
Elinipa akahesabu masufuria kwa sauti: kumi na moja,
na kifuniko kimoja hakina mwenyewe.

"Sasa," akasema, "mbona hakuna aliyeniuliza viatu?"
Picha ikayumba, dari, ukuta, goti,
halafu viatu:
vyeusi, vipya, kisigino kifupi,
alivivaa tangu saa tisa mchana
sakafuni kwake mwenyewe,
chini kabisa ya ukingo wa kioo.

"Vizuri sana, mama."
Sekunde saba.
Nikamwona anainama.
Alikuwa amekwisha kufungua kimoja
chaji ilipokwisha.